Ramadhani Haiungoji Mwembe

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Zanzibar

Dole, Unguja

Waheshimiwa,

Nawaomba radhi kwa kuwa barua hii haikupita mikononi mwa sheha wala mwa mwakilishi wa jimbo letu, bali imekuja kwenu hadharani, mbele ya macho ya kila mwenye kusoma. Na sababu yake si kwamba naidharau njia ile nyengine, la hasha, bali ni kwamba neno nililonalo linawahusu wanaokula matunda sawasawa na wanaoyapanda, nao wanaokula ni wengi kuliko sisi. Mimi ni mwalimu wa skuli niliyestaafu, na tangu kustaafu nimekuwa mkulima wa kiunga cha eka 3 hapa Dole, katika udongo wa kinongo ambao wenye wivu husema kwamba hata ukichomeka mpini wa jembe utachipua.

Mwezi wa Januari nilishuka Darajani alfajiri na matenga 14 ya maembe, boribo na dodo, yaliyochumwa jana yake kwa mkono, minghairi ya kupigwa mawe wala kutikiswa, na kila tenga nimelifunika majani ya mgomba ili jua lisiyaonee njiani. Dalali aliyatazama, akanitazama na mimi, akasema kwa upole, kama anayempa mtu habari ya msiba: "Mzee, leo embe hata mbuzi wamezikinai." Niliuza matenga 5 kwa bei isiyolipa nauli, nikawagawia watoto wa mtaani matenga mawili, na yaliyobaki nikarudi nayo Dole, ambako yalioza chini ya baraza huku tukiyanusa usiku kucha. Wiki chache baadaye, Ramadhani ilipoandama, mjukuu wangu alitumwa kununua tunda la futari, akarudi na machungwa mawili na kipande cha tikiti, vyote vimevuka bahari kutoka bara, kwa pesa ambazo mwezi wa Januari zingenunua tenga zima la maembe na mchukuzi wake juu.

Waheshimiwa, sikuja kulalamikia bei, maana bei ni kama upepo, haina wa kushitakiwa. Nimekuja kulalamikia hesabu. Kila nisikiapo habari ya kuendeleza matunda katika visiwa hivi, nasikia idadi ya miche: miche elfu kadha imegaiwa huku, miche elfu kadha imepandwa kule, na sijasikia hata siku moja mtu akiuliza miche ile, ikijaaliwa kuishi, itazaa mwezi gani. Rai yangu, na ndiyo barua yote hii, ni kwamba tuache kuhesabu miti tukaanza kuhesabu miezi.

Rai hii si yangu mimi. Ni ya bibi yangu mzaa baba, aliyekipanda kiunga hiki kabla ya mimi kuzaliwa, na ambaye hakusoma kitabu ila Msahafu. Kiungani mwake, kaskazi ilipovuma, yalikuwapo maembe boribo na dodo, na shokishoki nyekundu zilizoning'inia kama vishada vya arusi, na doriani, ambayo babu aliipenda na bibi akaipiga marufuku isivuke kizingiti cha nyumba. Masika yakiingia, mafenesi yakashika zamu, na mashelisheli, ambayo ni chakula kuliko tunda, yakatuokoa siku ambazo mvua haikuruhusu mtu kutoka. Baada ya mvua yalikuja mapera, kisha machenza, kisha, kusi inapotulia na usiku ukawa na baridi ya kipupwe, machungwa na mabalungi, na ukwaju wa kufanyia sharubati. Mwezi wa Agosti miembe miwili mitatu ilizaa mazao madogo, yale wazee waliyoyaita embe za mwaka mdogo, ambayo hayakutosha kuuzwa lakini yalitosha kuwanyamazisha watoto. Vuli ikaleta mananasi na mastafeli. Na katikati ya yote hayo, bila ya kungoja msimu wa mtu, kulikuwa na mapapai, na ndimu kando ya kisima, na ndizi: kisukari, mtwike, na mkono wa tembo.

Katika habari ya ndizi bibi alikuwa na tadbiri yake, na mimi nikiwa mtoto niliidhani ni ada ya kizee tu. Kila mwezi ulipoandama, siku ya pili au ya tatu, alipanda chipukizi moja au mawili ya mgomba, hata kama hakukuwa na haja, hata kama babu alikuwa akimcheka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu. Mgomba hauna msimu ila ule uliopandiwa. Ukiupanda mwezi huu, utakupa mkungu baada ya mwaka au kasoro yake kidogo, na mtu anayepanda kila mwezi huvuna kila mwezi, ilhali anayepanda shamba zima kwa siku moja, kwa sherehe na kupigwa picha, hukaa mwaka mzima akitazama majani, kisha akapata ndizi nyingi kwa wiki moja zisizoweza kulika wala kuuzika.

Mwembe mmoja wa bibi ulikuwa na jina: uliitwa Rajabu, kwa kuwa mara ya kwanza ulipozaa ilikuwa ni mwezi wa Rajabu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Nilipofika umri wa miaka 30, mwembe ule ulikuwa ukizaa katika Mfunguo Sita, na jina lake ni Rajabu vile vile, na bibi, ambaye wakati huo macho yalikwisha kumpungua, alikuwa akicheka peke yake kila akisikia unaitwa. Mwembe haukubadilika, ulikuwa ukizaa kaskazi ile ile kila mwaka. Mwezi ndio uliohama. Na hapa, Waheshimiwa, pana jambo ambalo sisi watu wa pwani tunalijua kuliko watu wengi wa dunia, na tunalitumia kidogo kuliko wote.

Sisi tumelelewa na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo kwayo tunafunga na kufungua, tunaoza na tunazika. Nayo ni fupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila sikukuu yetu huzunguka misimu yote na kurejea ilipoanzia baada ya miaka kama 33. Ya pili ni ya Nairuzi, mwaka wa jua, ambao wakulima na manahodha wa zamani waliugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza, wakajua katika mwongo gani hupandwa mtama na katika mwongo gani chombo kisithubutu kutoka. Na mpaka leo watu wa Makunduchi wanaukaribisha mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, ingawa wengi wa wanaokwenda kuutazama hudhani ni ngoma tu. Miti inafuata kalenda ya Nairuzi. Matumbo yetu yanafuata ya mwezi. Na mwezi ambao kila nyumba ya visiwa hivi, tajiri na fakiri, inataka tunda mezani wakati wa magharibi, hauungoji mwembe uwe tayari.

Mnaweza kuona kwamba hili ni jambo dogo la futari. Mimi naliona ni hesabu ya biashara iliyo dhahiri kuliko zote alizonazo mkulima popote, kwa sababu wateja wetu tunawajua, kiu yao tunaijua, na tarehe ya kiu hiyo, kwa tafauti ya siku moja au mbili za kuandama kwa mwezi, tunaijua tangu leo mpaka wajukuu wetu waote mvi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa jua, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Hapo maembe yetu na saumu yetu vitakutana, na kila mtu atadhani mambo yamekaa sawa. Lakini mwaka 2035 itaanza mwanzoni mwa Novemba, na mwaka 2038 mwishoni mwa Septemba, na mwembe wa kubebeshwa utakaopandwa masika yajayo, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na kufika nguvu zake karibu na mwaka wa kumi, utakuwa katika ujana wake kamili hapo hapo, umejaa matunda mabichi ya kufanyia achari, na watu wanafungua kwa tikiti la bara. Nani katika vitalu vyetu amekaa akaifanya hesabu hii?

Kuna mwalimu wa pili aliyenifundisha jambo lile lile kwa lugha nyengine. Kijana mmoja, mnunuzi wa vyakula wa hoteli moja ya pwani ya mashariki, alikuja kiungani mwaka juzi, akala embe moja hali amesimama, akalisifu kwa dhati, akaniuliza nitaweza kumpa kwa muda gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba ninayo mengi, tani kadha, kwa wiki saba. Akalifunga daftari lake. "Mzee wangu," akasema, "mimi sitaki embe nyingi, mimi nataka embe kila Jumatatu." Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba kijana yule na bibi yangu wangaliafikiana mara moja, na kwamba tunaposhangaa kwa nini hoteli zilizojengwa juu ya mawe yetu zinakula mananasi na mapapai ya ng'ambo ya bahari, jawabu si kwamba wenye hoteli hawatupendi, bali ni kwamba boti inafika kila Jumatatu na sisi hatufiki.

Ama katika habari ya miche, nitakuhadithieni yaliyonifika, na aliyehusika simtaji, kwa kuwa alikuwa na nia njema na nia njema si kosa. Tuligaiwa miche 40 kwa kila kaya, yote ya embe za aina moja, na ililetwa vuli imekwisha, wiki ambayo ardhi ilikuwa imeanza kupasuka. Tukaipanda, maana kitu cha bure hakikataliwi. Katika miche yangu 40 iliyobaki ni 6, na hiyo 6 ni kwa sababu mke wangu aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Bila ya shaka mahali fulani kuna daftari lililoandikwa kwamba kaya yangu ina miembe 40. Na lau kuwa yote ingaliishi, hasara ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa jirani zangu wote nao wangalikuwa na miembe yao 40 ya aina ile ile, na Januari moja ya siku zijazo tungalishuka Darajani sote pamoja kumsikiliza dalali na habari za mbuzi.

Visiwa hivi vilikwisha kuonja uchungu wa kuitegemeza riziki yote juu ya mti mmoja na mwezi mmoja. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliikumba Unguja kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake kwa muda wa siku moja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikashika ukuu wa karafuu ambao inao mpaka leo. Sina haja ya kuirefusha habari hiyo, kila mtoto wa skuli anaijua. Nataka tu kusema kwamba aliyepewa eka 3 baada ya mapinduzi hakupewa shamba la tajiri wa karafuu. Alipewa ardhi ambayo, ikipandwa miembe kwa nafasi ya mita 10 kila upande, huingia miti 120 au karibu yake. Gawanyeni kwa miezi 12, Waheshimiwa. Ni miti 10 kwa kila mwezi, na familia moja haihitaji zaidi ya hapo kumjibu yule kijana wa Jumatatu.

Najua nitaambiwa kwamba mti hauamrishwi. Kwamba Mwenyezi Mungu ameuwekea mwembe wakati wake na machungwa wakati wake, na kuyapinga hayo ni kiburi. Jawabu langu la kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya ninayoyataka haihitaji kuuamrisha mti wowote, inahitaji kuchagua tu, kwani miembe hailingani: mmoja huwahi mwezi mzima na mwengine huchelewa mwezi mzima, hata ikiwa imesimama bega kwa bega. Jawabu la pili ni kwamba watu wa mashamba katika nchi nyengine za joto wameongea na miti yao kwa adabu, na miti imewasikia. Ufilipino wakulima walikuwa tangu zamani wakiifukiza miembe yao, wakiwasha moto wa majani mabichi chini ya mti siku baada ya siku, kama sisi tunavyofukiza udi, mpaka mti ukatoa maua nje ya msimu. Kisha katika miaka ya 1970 mtaalamu wao Ramon Barba akaonesha kwamba kazi ile ya moshi hufanywa vizuri zaidi kwa kuunyunyizia mti maji yaliyotiwa nitrati ya potasiamu, kadiri ya gramu 10 kwa lita moja. Nayo ni ile chumvi ambayo wazee wetu waliiita shura na wakaijua katika baruti. Ugunduzi ule ungeweza kumtajirisha, lakini aliwaachia wakulima wa nchi yake wautumie bila ya kumlipa. Bara Hindi nako, mipera na mikomamanga huzuiliwa maji kwa makusudi kwa wiki kadha, mpaka majani yakanyauka na kupukutika, kisha ikarudishiwa maji na mbolea kwa pamoja, na mti uliodhani umekaribia kufa ukachanua. Na mkulima huchagua katika misimu mitatu ya maua, ambayo kila mmoja huuita bahar, ule unaopatana na soko lake.

Jambo hili la pili nimelijaribu mwenyewe kwa midimu yangu ya kisimani, kwa kuwa ndimu huzaa sana wakati wa mvua na huadimika jua likikaza, hata ikauzwa kama dawa. Niliifukulia mizizi kidogo, nikaiacha na kiu mpaka majani yakajikunja, mke wangu akanambia ninaiua. Kisha nikaimwagilia kwa siku tatu mfululizo na kuitandazia samadi na makuti yaliyooza. Haukupita mwezi na nusu ila maua yalikuwa yamefunika matawi. Mdimu mmoja ulikufa, sitaki kuficha. Ulikuwa mkongwe na nadhani niliuchosha. Na ya shura nayo yana masharti yake: mwembe wenye majani machanga ukinyunyiziwa hutoa majani tu, mti usiolishwa mbolea huzaa mwaka mmoja ukalala miwili, na maua yakikutwa na mvua ya masika huwa meusi kwa ukungu na kudondoka yote. Kwa hiyo anayetaka embe la Oktoba ayatafute maua yake mwezi wa Juni, katika ukavu wa kipupwe, kwa kuwa baina ya ua na tunda lililokomaa ni siku 100 mpaka 140 hivi. Mambo haya si siri, lakini hayafundishiki kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Yanataka mtu aliyewahi kuchafuka mikono aje asimame chini ya mti na mkulima.

Iko hoja moja ambayo ni nzito kuliko zote, na nashangaa kwamba sijaisikia kwa wapinzani wangu, basi nitawasaidia. Ni inzi wa matunda. Yule inzi wa Asia aliyegunduliwa mara ya kwanza Barani Afrika huko pwani ya Kenya mwaka 2003, na ambaye hakukawia kutufikia, hutaga mayai chini ya ngozi ya tunda linalokaribia kuiva, mabuu wakalila kwa ndani, kisha wakaingia ardhini wakageuka na kutoka inzi wapya. Kinachompunguza, pamoja na jua, ni njaa: maembe yakiisha, naye hukosa pa kuzalia. Sasa mimi ninayeomba matunda kila mwezi, si ninaomba pia inzi wapewe karamu kila mwezi? Naam, ndivyo, na mtu akianza kilimo hiki peke yake, katikati ya majirani wanaoacha matunda yaoze chini ya miti, atakuwa amewafugia inzi wa shehia nzima.

Dawa yake ni ya jamaa, si ya mtu. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku na yafukiwe kina cha nusu mita au yafungwe katika mifuko na kuanikwa juani mpaka mabuu wafe. Na mitego iwekwe kwa pamoja, shehia nzima, yenye ile dawa ya methili eujenoli inayowavuta inzi madume wakafa. Hapa nawaomba mnisamehe nikicheka kidogo. Dawa hiyo, inayoletwa kwetu kutoka ng'ambo katika vikopo vidogo vya bei kubwa, ni binamu wa yale mafuta ya karafuu yanayokamuliwa Pemba katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, na wenye elimu ya kemia huitengeneza kutokana nayo. Kisha tunao askari wetu wa asili, chungu maji moto, ambao kila mtoto aliyepanda mwembe amewalaani. Mwingereza mmoja aliyeitwa Way alifanya utafiti hapa hapa Unguja katika miaka ya 1950 akathibitisha kwamba minazi yenye maji moto wengi husalimika na mdudu anayefyonza nazi changa zikadondoka, hata mdudu yule akapewa jina la Way katika elimu. Na wataalamu wa Afrika ya Magharibi wameona kwamba chungu wa aina hiyo hiyo huwafukuza inzi wa matunda katika miembe. Sisi tunawachoma moto ili tupande kuchuma bila ya kuumwa. Sijui wazee wetu wangesema nini, lakini wao walijipaka majivu mikononi wakapanda.

Basi nini ninachokitaka kwenu? Si fedha nyingi, na wala si jengo. Nakutahadharisheni hasa na jengo, kwani najua kwamba mtu akitaja matunda, mwengine hutaja ghala la baridi, na ghala la baridi lisilo na umeme wa kuaminika ni tanuri lenye mlango mzuri. Na lenye umeme nalo litatunza embe kwa wiki mbili tatu, si kwa miezi sita. Ghala bora la tunda ni mti wenyewe, ukichaguliwa unaoiva wakati mwengine.

Nataka kuwe na daftari. Katika kila shehia ya Unguja na Pemba kuna mzee mmoja au wawili wanaojua kwamba mwembe wa fulani, nyuma ya nyumba fulani, huzaa wakati ambapo miembe yote imelala, au kwamba mchenza ule unachelewa mpaka vuli. Miti hii haina jina katika vitabu, na kila mwaka inakatwa, kwa kujengwa nyumba, kwa kuni za matanuri ya mikate, kwa mbao za mashua. Na ikikatwa, hapana pesa itakayoirudisha, maana makokwa mengi ya miembe ya asili hayana ahadi ya kumfuata mama yake. Iandikwe miti hiyo, pamoja na mwezi wake, na mwenye mti apewe kifuta jasho cha kila mwaka kwa kuutunza; kisha vikonyo vyake vichukuliwe, na vijana wetu wafundishwe kubebesha, kazi ambayo hufundishika kwa wiki mbili na haitaki ila kisu kikali, utepe wa plastiki na mkono usiotetema. Na kila mche utakaotoka kitaluni uandikwe juu ya mfuko wake, kwa herufi ambazo hata mimi nitazisoma bila ya miwani, mwezi wa kuzaa kwake kabla ya jina la aina yake. Mkulima atakayekuja kuomba miche 40 ya Januari aulizwe, kwa heshima, je, na Septemba utakula nini?

Na maji. Hapa sitasema mengi, kwa kuwa kila barua mnayoandikiwa ina habari ya maji. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, nyingi zake zikishuka katika masika na kukimbilia baharini mbele ya macho yetu. Tangi moja la kukingia mvua ya paa kwa kila kaya ya wakulima wa matunda lingetosha kuivusha miche michanga katika kiangazi chake cha kwanza na cha pili, na baada ya hapo mwembe unajua njia yake kuelekea chini. Matandazo yafanye yaliyobaki. Mkijaaliwa kufanya hayo katika shehia moja tu, kwa miaka mitano, bila ya sherehe ya uzinduzi, nitakuwa radhi nanyi, na nina yakini shehia ya pili itakuja kuomba yenyewe.

Namalizia kwa jambo ambalo lina haraka kuliko mengine. Njiani kwenda Kizimbani kuna mwembe mkongwe ambao kwa miaka yote niliyoufahamu huiva mwishoni mwa Septemba, tunda la wastani, ngozi nyembamba, utamu wake una ukali kidogo wa mwisho kama wa balungi, na nyuzi chache. Kiwanja kimeuzwa, na mwenye msumeno amekwisha kuupima kwa kamba. Mwenye mti, Mungu ambariki, aliniruhusu kukata vikonyo 12, nikavibebesha juu ya miche ya embe za kienyeji, na vilivyoshika ni 9. Viko chini ya baraza yangu katika mifuko myeusi, urefu wa goti hivi, na kila mfuko umeandikwa "Septemba" kwa rangi nyeupe. Mimi nitabaki na miche miwili. Saba ni yenu, kwa kitalu chochote mtakachokichagua, nami sitaki malipo. Ila itakapokuja gari ya kuichukua ije mapema, kabla ya masika kukamilika, na dereva aambiwe asiipakie chini ya mizigo mingine. Nikiwa sipo, nitakuwa msikitini, na mlango wa uani haufungwi.

Wenu mtiifu,

Mkulima wa Dole